Freddie Mercury

Freddie Mercury (jina la kuzaliwa: Farrokh Bulsara, Mji Mkongwe, Zanzibar, 5 Septemba 1946 – London, Uingereza, 24 Novemba 1991) alikuwa mwimbaji, mtunzi wa nyimbo na mpiga piano. Anajulikana zaidi kama mwimbaji kiongozi wa bendi ya rock ya Queen, aliyoitumikia kuanzia mwaka 1970 hadi kifo chake. Kati ya nyimbo alizotunga ni "Bohemian Rhapsody", "Killer Queen", "Somebody to Love", "We Are the Champions" na "Crazy Little Thing Called Love".

Wengi wanamfahamu kwa maonyesho yake makubwa ya Ulaya na Amerika, lakini muziki aliuanza mbali na huko. Bendi yake ya kwanza, The Hectics, ilikuwa ya wanafunzi watano wa shule ya bweni nchini India. Ndani ya bendi hiyo Freddie hakuwa mwimbaji kiongozi, bali mpiga piano.

Familia na utoto

Farrokh alizaliwa katika hospitali ya serikali mjini Zanzibar, wakati visiwa vilipokuwa chini ya Sultani na ulinzi wa Waingereza. Baba yake, Bomi Bulsara, alikuwa mtunza fedha katika Mahakama Kuu ya Zanzibar. Mama yake aliitwa Jer. Mdogo wake wa kike, Kashmira, alizaliwa mwaka 1952.

Wazazi wake walikuwa Waparsi kutoka Gujarat, magharibi mwa India. Jina la ukoo, Bulsara, linatokana na mji wa Bulsar, ambao leo unaitwa Valsad. Waparsi ni wazao wa Waajemi waliohamia India karne nyingi zilizopita na kuendelea kuishika dini ya Zoroasta. Huko Zanzibar walikuwa jamii ndogo, na wengi wao walikuwa makarani, wafanyabiashara na watumishi wa serikali. Farrokh aliingizwa rasmi katika dini ya wazazi wake kwa ibada ya Navjote alipokuwa mtoto.

Uhusiano wa Zanzibar na pwani ya India ulikuwa wa siku nyingi, hata katika muziki. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mwimbaji maarufu wa taarabu, alisafiri na wenzake kutoka Zanzibar hadi Bombay kurekodi santuri. Miaka takriban ishirini na saba baadaye Farrokh alivuka bahari hiyohiyo, lakini yeye alikwenda kusoma.

Kabla ya safari hiyo alisoma katika shule ya wamisionari Waanglikana mjini Zanzibar, iliyofundishwa na watawa, akianza akiwa na umri wa miaka mitano.

Shule ya Panchgani

Mwanzoni mwa mwaka 1955, akiwa na umri wa miaka minane, Farrokh alianza masomo katika Shule ya St. Peter's huko Panchgani, mji mdogo wa milimani kusini-mashariki mwa Bombay (leo Mumbai). Ilikuwa shule ya bweni ya wavulana iliyofuata mtindo wa Kiingereza. Kwa kuwa Zanzibar ilikuwa mbali, hakuweza kurudi nyumbani kila likizo. Likizo nyingi alizitumia Bombay kwa bibi yake na shangazi yake.

Wanafunzi wenzake na walimu walianza kumwita Freddie, na baada ya muda hata watu wa nyumbani walilitumia jina hilo. Walimtania pia kwa sababu ya meno yake: alikuwa na meno ya ziada yaliyosukuma ya mbele yajitokeze. Alipokuwa mtu mzima na mwenye fedha hakuyarekebisha, kwa hofu kwamba sauti yake ingebadilika.

Katika michezo alifanya vizuri. Alikuwa bingwa wa tenisi ya meza shuleni, alicheza ndondi, na mwaka 1958 alipewa tuzo ya mwanafunzi mdogo aliyefanya vizuri katika mambo mengi. Aliimba kwaya na kuigiza katika michezo ya jukwaani. Mkuu wa shule alipoona kipaji chake, aliwaandikia wazazi kuwashauri walipie masomo ya ziada ya piano. Wazazi walikubali, naye akafaulu mitihani hadi daraja la nne. Aliweza kusikia wimbo redioni na kuupiga mara moja bila kuona maandishi yake.

The Hectics

Mwaka 1958, Freddie alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili, wavulana watano wa St. Peter's walianzisha bendi na kuiita The Hectics. Wanachama walikuwa hawa:

– Bruce Murray, mwimbaji kiongozi
– Freddie Bulsara, piano na sauti za kuitikia
– Derrick Branche, gitaa
– Farang Irani, besi
– Victory Rana, dramu

Vyombo vyao vilikuwa vya kuokoteza. Besi ya Farang Irani ilikuwa sanduku kuukuu la chai lenye mti na uzi mmoja. Besi za namna hiyo zilitumiwa wakati huo na vijana wa Uingereza ambao hawakuwa na fedha za kununua vyombo vya dukani.

The Hectics hawakutunga nyimbo zao. Walipiga nyimbo za wanamuziki waliovuma redioni, kama Elvis Presley, Little Richard, Fats Domino na Cliff Richard. Walicheza katika sherehe na maonyesho ya shule, na wasikilizaji wao walikuwa wanafunzi wenzao pamoja na wasichana wa shule za jirani, ambao waliwashangilia kwa kelele kama walivyosikia mashabiki wa Ulaya wakifanya.

Wenzake wa wakati huo walimkumbuka Freddie kama kijana mwenye haya aliyebadilika kabisa mara tu alipokaa mbele ya piano. Kazi ya kusimama mbele na kuimba ilikuwa ya Bruce Murray. Hata hivyo mtindo wa kupiga piano kwa nguvu, aliouiga kwa Little Richard na Fats Domino, ulionekana tena miaka mingi baadaye katika nyimbo za Queen.

Bendi ilivunjika wavulana walipomaliza shule na kutawanyika. Hakuna aliyerekodi nyimbo zao. Victory Rana alirudi Nepal, akawa jenerali wa jeshi na kuongoza kikosi cha kulinda amani cha Umoja wa Mataifa huko Cyprus. Derrick Branche alihamia Uingereza akawa mwigizaji wa filamu na televisheni. Farang Irani alibaki India akafanya biashara ya mgahawa, na Bruce Murray aliishi Uingereza.

Kurudi Zanzibar na kuhamia Uingereza

Katika miaka ya mwisho shuleni maendeleo ya Freddie katika masomo yalishuka. Mwaka 1963 alirudi kwa wazazi wake Zanzibar, akiwa na umri wa miaka 16.

Kipindi hicho kilikuwa cha mabadiliko makubwa visiwani. Zanzibar ilipata uhuru kutoka kwa Uingereza tarehe 10 Desemba 1963, na tarehe 12 Januari 1964 Mapinduzi yaliiondoa serikali ya Sultani. Watu wengi waliuawa, hasa Waarabu na watu wenye asili ya Asia, na maelfu wengine waliondoka. Familia ya Bulsara ilikuwa kati ya waliokimbia. Kwa kuwa baba alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni na mwenye pasipoti ya Uingereza, walikwenda London. Tarehe 26 Aprili mwaka huohuo Zanzibar iliungana na Tanganyika na kuunda nchi ambayo leo ni Tanzania.

Familia ilinunua nyumba ndogo huko Feltham, magharibi mwa London, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Maisha yalikuwa ya chini kuliko yale ya Zanzibar, na wazazi wote wawili walifanya kazi. Freddie alifanya vibarua mbalimbali, kikiwemo cha kupakia mizigo uwanjani hapo.

Chuo cha sanaa na bendi za kwanza

Baada ya kusoma sanaa katika chuo cha Isleworth, Freddie alijiunga na Chuo cha Sanaa cha Ealing mwaka 1966. Alisomea usanifu wa michoro na kupata diploma mwaka 1969. Alimpenda sana mpiga gitaa Mmarekani Jimi Hendrix na alichora picha zake nyingi.

Chuoni alifahamiana na Tim Staffell, mwimbaji na mpiga besi wa bendi ya Smile. Smile nayo ilikuwa bendi ya wanafunzi. Mpiga gitaa wake, Brian May, alikuwa anasoma fizikia katika Chuo cha Imperial, na mpiga dramu, Roger Taylor, alikuja London kusomea udaktari wa meno. Freddie alihudhuria maonyesho yao, akawa rafiki yao na kuwashauri mara kwa mara jinsi ya kuvaa na kusimama jukwaani. Pamoja na Taylor aliuza nguo za mitumba katika soko la Kensington.

Mwaka 1969 alipata nafasi ya kuimba katika bendi ya Ibex, iliyobadilisha jina kuwa Wreckage. Ilipovunjika aliimba kwa muda mfupi katika bendi ya Sour Milk Sea. Husimuliwa kwamba katika onyesho moja la miaka hiyo mti wa kipaza sauti ulikatika, naye akaendelea kuimba akiwa ameshika kipande cha juu. Kipande hicho cha mti bila kitako kilikuwa alama yake hadi mwisho.

Queen

Tim Staffell alipoondoka Smile mwaka 1970, Freddie alichukua nafasi yake. Alipendekeza bendi iitwe Queen, yaani malkia, ingawa wenzake walisita. Wakati huohuo alibadilisha jina lake la ukoo kuwa Mercury. Baada ya kujaribu wapiga besi kadhaa, mwaka 1971 walimpata John Deacon, mwanafunzi wa elektroniki. Wanne hao hawakubadilika kwa miaka ishirini. Nembo ya bendi ilichorwa na Freddie mwenyewe, akitumia alama za nyota za kuzaliwa za wanachama wote wanne: simba wawili, kaa na wasichana wawili wa nyota ya mashuke.

Albamu ya kwanza, Queen, ilitoka mwaka 1973. Mwaka 1974 wimbo wa Freddie "Seven Seas of Rhye" uliingia katika kumi bora za Uingereza, na "Killer Queen" ulifika nafasi ya pili.

Mwishoni mwa Oktoba 1975 ulitoka "Bohemian Rhapsody". Ulikuwa wimbo wa karibu dakika sita bila kiitikio, wenye sehemu ya piano, sehemu ya opera na sehemu ya rock nzito. Katika sehemu ya opera linasikika neno Bismillah. Sauti za kwaya nzima ziliimbwa na watu watatu tu, Mercury, May na Taylor, na kurekodiwa juu ya nyingine mara nyingi. Watu wa kampuni ya santuri waliona ni mrefu mno kwa redio, lakini ulikaa nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki tisa.

Nyimbo nyingine zilifuata. "We Are the Champions" wa mwaka 1977 huimbwa hadi leo viwanjani timu zinapokabidhiwa vikombe. "Crazy Little Thing Called Love" wa mwaka 1979 ulifuata mtindo wa Elvis Presley, yaani muziki uleule ambao The Hectics waliupiga shuleni, na ulikuwa wimbo wa kwanza wa Queen kufika nafasi ya kwanza Marekani. Kati ya nyimbo 17 za mkusanyo wa Greatest Hits wa mwaka 1981, Freddie alitunga 10.

Jukwaani alijulikana kwa kuwaongoza wasikilizaji waimbe naye: alitoa sauti fupi, umati ukaitikia. Nje ya jukwaa alibaki mtu wa haya na alitoa mahojiano machache.

Afrika Kusini na Live Aid

Mnamo Oktoba 1984 Queen walicheza Sun City, katika Bophuthatswana, eneo ambalo serikali ya Afrika Kusini ililiita nchi huru ingawa mataifa mengine hayakulitambua. Wakati huo Umoja wa Mataifa ulikuwa umewataka wasanii wasifanye maonyesho Afrika Kusini kwa sababu ya siasa ya ubaguzi wa rangi, na chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwakataza wanachama wake. Bendi ilijitetea kwamba ilicheza kwa ajili ya mashabiki wa rangi zote na haikujihusisha na siasa. Hata hivyo ilitozwa faini na chama hicho, jina lake likaingizwa katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya wasanii waliovunja mgomo, na sifa yake ikaharibika. Queen hawakuwahi kufanya onyesho Afrika Mashariki.

Tarehe 13 Julai 1985 walishiriki Live Aid, tamasha la kuchangia waathirika wa njaa nchini Ethiopia, katika uwanja wa Wembley mbele ya watu wapatao 72,000. Walicheza kwa dakika 21 hivi. Freddie alianza kwenye piano na sehemu ya kwanza ya "Bohemian Rhapsody", kisha akasimama na kuuongoza uwanja wote. Wachambuzi wengi wanalihesabu kuwa mojawapo ya maonyesho bora katika historia ya rock.

Mwaka 1986 Queen walifanya ziara kubwa ya Ulaya, likiwemo onyesho la Budapest, Hungaria, nchi ambayo bado ilikuwa chini ya utawala wa kikomunisti. Onyesho la mwisho la Freddie na Queen lilikuwa Knebworth, Uingereza, tarehe 9 Agosti 1986.

Kazi nje ya Queen

Freddie alitoa albamu yake mwenyewe, Mr. Bad Guy, mwaka 1985. Mwaka 1988 alitoa albamu ya Barcelona pamoja na mwimbaji wa opera kutoka Hispania, Montserrat Caballé. Wimbo wenye jina hilo ulitumiwa katika Michezo ya Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992, Freddie akiwa ameshafariki.

Maisha binafsi

Katika miaka ya 1970 Freddie aliishi na Mary Austin, aliyekuwa akifanya kazi katika duka la nguo London. Uchumba wao ulivunjika, lakini walibaki marafiki wa karibu na Freddie alimrithisha sehemu kubwa ya mali yake, pamoja na nyumba yake ya Kensington iitwayo Garden Lodge. Baadaye alikuwa na uhusiano na wanaume, na miaka yake ya mwisho aliishi na Jim Hutton, raia wa Ireland. Mambo hayo hakuyazungumza hadharani.

Kuhusu Zanzibar na India pia alizungumza kwa nadra. Mashabiki wengi walijua asili yake baada ya kifo chake tu. Kwa wazazi wake, waliobaki Feltham, aliendelea kuwa Farrokh wao na aliwatembelea mara kwa mara.

Ugonjwa na kifo

Mwaka 1987 Freddie aligunduliwa kuwa na virusi vya UKIMWI. Wakati huo hazikuwepo dawa za kufubaza virusi kama zilizopo leo, na wagonjwa walinyanyapaliwa sana katika nchi zote. Aliwaambia watu wachache tu. Queen waliacha kufanya ziara lakini hawakuacha kurekodi. Walitoa The Miracle mwaka 1989 na Innuendo mwanzoni mwa 1991, naye aliendelea kuimba katika studio ya Montreux, Uswisi, hata alipokuwa amedhoofika.

Magazeti ya Uingereza yaliendelea kumfuatilia na kupiga picha za mwili wake uliokonda. Tarehe 23 Novemba 1991 alitoa taarifa ya kuthibitisha kwamba alikuwa na UKIMWI. Jioni ya siku iliyofuata alifariki nyumbani kwake kwa nimonia iliyotokana na ugonjwa huo, akiwa na umri wa miaka 45.

Mazishi yalifanyika tarehe 27 Novemba. Ingawa Freddie hakuwa mtu wa kufuata dini kwa ukaribu, ibada iliongozwa na makasisi wa Kizoroasta kwa heshima ya wazazi wake. Mwili ulichomwa, na mahali yalipowekwa majivu hapakutangazwa.

Baada ya kifo

"Bohemian Rhapsody" ulitolewa upya Desemba 1991 na kurudi nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki tano, mapato yakienda kwa shirika la kusaidia watu wenye UKIMWI. Tarehe 20 Aprili 1992 wenzake watatu waliandaa tamasha la kumbukumbu Wembley. Kutokana nalo uliundwa mfuko wa Mercury Phoenix Trust, ambao umefadhili miradi ya kupambana na UKIMWI katika nchi nyingi, zikiwemo za Afrika.

Nyimbo alizorekodi katika miezi yake ya mwisho zilikamilishwa na kutolewa katika albamu ya Made in Heaven mwaka 1995. Sanamu yake ilisimamishwa Montreux mwaka 1996. Mwaka 2001 Queen waliingizwa katika jumba la heshima la rock and roll nchini Marekani.

Mwaka 2018 ilitoka filamu ya Bohemian Rhapsody, na Rami Malek, aliyeigiza kama Freddie, alishinda tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora. Filamu hiyo ilibadilisha mpangilio wa baadhi ya matukio. Inaonyesha Freddie akijua ugonjwa wake kabla ya Live Aid, ilhali aligunduliwa miaka miwili baadaye.

Kumbukumbu Zanzibar

Nyumbani kwao Freddie amekuwa na nafasi ya utata. Kwa upande mmoja jina lake huvutia watalii, na waongozaji huwaonyesha nyumba za Mji Mkongwe zinazohusishwa na familia yake. Kwa upande mwingine, mwaka 2006 kikundi cha Kiislamu cha Uamsho kilipinga sherehe ya kutimiza miaka 60 tangu kuzaliwa kwake, kikisema maisha yake yalikwenda kinyume na maadili ya Wazanzibari. Sherehe hiyo ilifutwa.

Mnamo Novemba 2019 makumbusho ya Freddie Mercury yalifunguliwa Shangani, katika jengo linalotajwa kuwa makazi ya zamani ya familia yake. Humo kuna picha na maelezo ya utoto wake Zanzibar, masomo yake Panchgani na kazi yake na Queen.

Albamu za studio

Pamoja na Queen
– Queen (1973)
– Queen II (1974)
– Sheer Heart Attack (1974)
– A Night at the Opera (1975)
– A Day at the Races (1976)
– News of the World (1977)
– Jazz (1978)
– The Game (1980)
– Flash Gordon (1980)
– Hot Space (1982)
– The Works (1984)
– A Kind of Magic (1986)
– The Miracle (1989)
– Innuendo (1991)
– Made in Heaven (1995)

Nje ya Queen
– Mr. Bad Guy (1985)
– Barcelona, pamoja na Montserrat Caballé (1988)